Mlango wa Dada

Watu hunisema kwamba sina huruma. Waseme. Nina vyumba kumi, na kila chumba kina bingwa wa visingizio. Zamani nilikuwa nawapigia kufuli, wakaenda kulala kwa majirani wiki nzima, wao wakicheka na mimi nikila hasara. Siku hizi sifungi mlango. Naung'oa. Mpangaji asiye na mlango hatoki wala halali, na mara nyingi siku ya pili kodi inaonekana.

Chumba cha saba anakaa dada yangu, mdogo wangu wa baba mmoja mama mmoja. Ni fundi cherehani. Kwa miezi mitatu alikuwa akinipiga chenga, leo anaumwa kichwa, kesho shule haijamlipa. Jumatatu asubuhi nikaja na bisibisi, nikafungua bawaba mbele ya macho yake, nikajitwika mlango begani. Ndani kulikuwa na cherehani na sare za wanafunzi mia na ishirini, zimebaki vifungo tu. Nikapaza sauti ili ua mzima usikie: atakayemlindia chumba, mlango wake nao naung'oa.

"Shule italipa Ijumaa, kaka," akasema. "Hizi zikiibwa nitawaambia nini?"

"Basi usitoke."

Kesho yake mama akazidiwa. Alikuwa amelazwa kwa wiki ya pili. Nesi akanipigia simu akasema, kama mna ndugu, waje leo. Nikapitia kwa dada, nikamkuta ameketi kizingitini, macho mekundu kwa kukesha. Nilipomweleza akanirukia, akanishika mkono.

"Nirudishie mlango kwa saa mbili tu, kaka. Nikamwone mama nirudi. Kisha uung'oe tena ukitaka."

Nitasema kweli: nilimwonea huruma, na huruma yenyewe ikanikasirisha. Nilijua nikimrudishia, ikifika jioni vyumba vyote kumi vitakuwa na mama mgonjwa.

"Lete ya mwezi mmoja," nikasema.

"Kaka, sina hata nauli."

"Basi hata mlango ungekuwepo usingefika."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Hospitalini nilimkuta mama amebaki mifupa mitupu, lakini akili zilikuwa timamu. Akaniuliza, dada yako yuko wapi? Nikamjibu anakuja. Akageuza uso upande wa kuingilia, akangoja. Baadaye akauliza tena. Nikamwambia ana kazi nyingi, mama, si unajua mambo ya sare. Mara ya tatu hakuniuliza mimi. Alimwita mwenyewe, kwa lile jina la kumdekeza alilompa alipokuwa mtoto, kwa sauti ya kumwita ndani aje ale. Saa kumi jioni akakata roho.

Nilirudi na mlango. Hata mimi siwezi kumwacha mtu wazi siku ya msiba. Alipouona begani kwangu alielewa, akakaa sakafuni, akalia huku ameshika mguu wa cherehani. Nikaanza kukaza skrubu.

"Kaka," akasema. "Mama aliniulizia?"

"Hapana. Alikuwa hajitambui. Hakumuulizia mtu."

Akashusha pumzi ndefu.

"Mungu mkubwa. Tangu asubuhi naogopa kwamba ananiita na mimi siendi." Akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akanitazama kama zamani, tulipokuwa watoto. "Asante, kaka. Asante sana."

Akatabasamu. Kidogo tu, lakini tabasamu hilo nililiona, na lilinichoma. Mtu nimemdai miezi mitatu, mama yetu hata hajazikwa, na yeye tayari amepata nafuu, tena bure, na mimi nimebaki peke yangu na ile sauti ya mama masikioni. Kwa nini niibebe mimi tu? Nikakaza skrubu ya mwisho. Nikaujaribu mlango, ukafunga vizuri.

"Nimekudanganya," nikasema. "Alikuulizia mara mbili. Mwisho akakuita kwa jina lako la utotoni."

Alifungua mdomo tu, akakaa hivyo hivyo. Nikamwekea ufunguo juu ya cherehani, nikamkumbusha kwamba Ijumaa si mbali.