Mkono wa Kuume

Maximilla anasema mtoto wa Jebet alipochomwa sindano ya surua, mkono wake ulivimba, na siku ya tatu namba zikatokea chini ya ngozi, nyeusi kama zile za kwenye magunia ya mbegu. Anasema zilikuwa tatu na zote zilikuwa sita. Yeye mwenyewe hakuziona. Mtoto anacheza mbele ya mlango wake kila siku, lakini Maximilla anasema macho yake ameyaweka wakfu, hawezi kuyaelekeza kwa kitu kama hicho.

Tunaishi ploti moja hapa Yamumbi. Huyo mtoto wa Jebet nimemwogesha mara nyingi mamake akiwa sokoni. Juu ya mkono wa kushoto, pale alipochomwa, hakuna kitu.

Dada yangu Kavetsa ndiye aliyeamini. Siku moja kabla wahudumu wa chanjo hawajaja, Maximilla aliketi kwetu na Biblia, akamsomea Ufunuo. Alisoma vizuri mpaka pale chapa ya mnyama inapotiwa kwenye mkono wa kuume.

"Umesikia, Mama Joy? Mkono wa kuuma. Sasa hiyo sindano inauma wapi?"

"Kwa mkono," Kavetsa akasema.

"Basi."

Nilikuwa nachambua maharagwe. Nikasema, "Mama, hapo si kuuma. Ni kuume. Darasa la sita tulifundishwa, mkono wa kuume ni wa kulia. Na hii sindano wanachoma kushoto."

Maximilla alinitazama juu ya miwani. "Sylvia, wewe uliishia la nane. Yohana aliona mbingu ikifunguka. Wewe uliona nini? Ubao?"

Wakacheka wote wawili. Mimi nimezoea kungoja watu wamalize kucheka, lakini siku hiyo walipomaliza sikusema tena.

Kesho yake Kavetsa alimfunga Joy mgongoni, akaenda kukaa katikati ya mahindi ya watu mpaka wahudumu walipoondoka. Joy alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu.

Mwezi haukuisha. Surua ilimwanza Joy na macho mekundu na kikohozi, halafu vipele vikatokea nyuma ya masikio vikashuka mpaka tumboni. Maximilla alikuja na mafuta ya upako siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tano hakuja. Asubuhi hiyo nilimvua Joy fulana nikaona ngozi ya katikati ya mbavu ikiingia ndani kila alipovuta pumzi.

Nikampigia Pasta Nyongesa wa kanisa letu, nikaweka simu kwa spika, nikamweleza yote.

"Kuume ni kulia," Pasta akasema. "Hakuna mambo ya kuuma hapo. Mama Joy, peleka mtoto hospitali. Sisi tutaomba mkiwa njiani."

Nikaona uso wa Kavetsa unalegea. Akachukua leso, akaanza kumfunika mtoto, nami nikamwita Kiprop wa boda. Alifika kwa geti kabla sijavaa viatu.

"Sylvia," Kavetsa akasema. "Huko watamwekea dripu?"

"Wakiona anahitaji, watamwekea."

"Mkono gani?"

Ningesema kushoto. Nimelirudia hilo neno moyoni kila siku tangu hapo, na si neno refu. Lakini nilidhani ukweli ndio umetufikisha mlangoni, kwa hivyo utatutoa nje.

"Ule watapata mshipa," nikasema.

"Hata wa kulia?"

"Hata wa kulia."

Akarudi kuketi kitandani.

"Basi umenionyesha wewe mwenyewe," akasema. "Kumbe nilikuwa nimekosea mkono tu."

"Mama Joy, dripu ni maji na dawa. Hakuna mtu anaweka namba."

"Na siku ile tukiitwa? Mimi niende huku, yeye aende kule? Nitamtafuta wapi?"

Hakuwa na hasira. Aliniuliza akitaka kujua.

Kiprop akapiga honi. "Sylvia, tunaenda ama hatuendi?"

"Ngoja kidogo," nikaitikia.

Joy alikuwa ameacha kulia. Kichwa chake kilikuwa kimelala kwenye kiwiko cha mamake, na midomo ilikuwa imebadilika rangi, kama mtu aliyekula zambarau. Kavetsa akamkaza kifuani kwa mikono yote miwili. Nikapiga magoti mbele yao, nikanyoosha mikono yangu. Tangu ajifungue huyo mtoto sikuwa nimemwita dada yangu kwa jina lake.

"Kavetsa," nikasema, "nipe mtoto."