Chumba cha Upepo

Nyapara alikuwa na jambo moja la kujivunia pale kwenye jengo walilokuwa wakilibomoa, na si nguvu, maana tumbo lilishamtangulia siku nyingi. Ni chumba chake cha upepo. Kila jioni, mafundi wakitoka kushusha paa kuukuu la asbesto, aliwaingiza humo mmoja mmoja, akafungulia kompresa, mashine ya upepo, na kuwapuliza kwa mpira wake tangu kisogoni mpaka viatuni. Hakutaka watoto wakumbatie baba mwenye vumbi. Madirisha aliyaziba kwa nailoni, majirani wasije wakalalamika.

Basi alipokuja mkaguzi, mama mmoja mpole, kutundika vipimo vya hewa, Nyapara alimtembeza kote na kukiacha chumba kile mwisho, ndio utamu wenyewe. Siku mama huyo aliporudi na majibu, alimkuta humo akinyoosha mpira. Hakuingia. Alisimama mlangoni, barakoa usoni.

"Pabaya zaidi ni kule juu, sivyo mama?"

"Juu hewa inapita, mzee wangu. Pabaya zaidi ni hapo uliposimama."

Nyapara akacheka. Mkaguzi hakucheka. Alimweleza taratibu kwamba nyuzi za asbesto hazionekani kwa macho, na kuzipuliza ndiko kuzijaza hewani, tena chumba chenyewe kimezibwa. Walipaswa kulowesha vumbi, kuvua nguo za kazi papo hapo na kuoga.

"Na lile tulilokwisha kuvuta?"

"Hilo hatuwezi kulitoa. Si kila mtu ataugua, lakini hatari ni kubwa, na ugonjwa wake hukaa miaka mingi ndipo ujionyeshe."

Nyapara aliuweka mpira chini. Wenzake walikuwa wakiingia na kutoka. Yeye ndiye aliyebaki humo mpaka mtu wa mwisho apulizwe. Alitaka kutimua mbio, lakini mtu akikikimbia kifua chake atakwenda wapi? Aliogopa, aliogopa kweli kweli, na nje mafundi walishapanga foleni.

Wa mbele alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mdogo. Kazi hii alimtafutia yeye mwenyewe.

"Fungulia basi, shemeji! Dada yako akiniona hivi, leo nalala nje."

"Usiingie. Rudini nyuma wote." Akainua mkono kuwazuia. "Nimekuwa nikiwapulizia sumu."

Akawaambia yote bila kujitetea, akangoja matusi. Matusi angeyamudu, wakimtukana naye angefoka, mambo yakaisha. Hayakuja. Mkaguzi aliinamisha kichwa.

"Ulitutakia mema," shemeji yake alisema mwishowe. "Haya, toka humo." Akamnyooshea mkono.

Nyapara aliutazama mkono ule. Kisha akajitazama yeye, mabega meupe, mikono meupe, vumbi la watu wote limemganda mwilini. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Usinishike," alisema.