Usimfungue Mbwa Kule Kaskazini

Akina mama mnaojiandaa kupeleka watoto kambi likizo hii, na mbwa ndani ya gari, someni haya kabla hamjafunga mizigo. Mimi ni Kwamboka wa Irving, huku ughaibuni, wengi mnaniita Mama Whitney. Shule niliishia darasa la nane, kwa hivyo mtanivumilia nikienda mbele na kurudi nyuma.

Biskuti ni mbwa wa binti yangu Whitney, aliye na miaka kumi. Ana rangi ya chai ya maziwa. Kwetu Nyamira mbwa hakanyagi ndani ya nyumba. Mchana anafungiwa kibandani, giza likiingia anafunguliwa azunguke boma, hiyo ndiyo kazi yake. Huku Biskuti analala kitandani na mtoto, na mimi kila akisogea jikoni namwambia, "Toka." Kitu kimoja tu tulichokuwa nacho mimi na yeye ni ukoko. Kila jioni baada ya ugali nasimama barazani, ghorofa ya pili, nakwangua sufuria kwa mwiko, kwaru kwaru, naye hata akiwa kule chini kwenye magari anapanda ngazi mbio.

Mwezi wa nane mume wangu Elphas alipata likizo kazini uwanja wa ndege. Whitney alikuwa ameshachora safari yote kwenye daftari, na haikuwa safari yetu, ilikuwa ya Biskuti. Hapa Biskuti ataona nyati. Hapa Biskuti ataogelea. Dada yangu Loice wa Houston akatuazima hema, akanicheka kwa simu.

"Yaani mlivuka bahari kutoroka matope, sasa mnayafuata na gari?"

"Mwambie mtoto, si mimi," nikamjibu.

Tuliendesha siku tatu. Oklahoma, Kansas, Nebraska, mpaka Montana juu kabisa, karibu na Kanada, mahali unapita saa nzima bila kuona paa la mtu. Biskuti alitoa kichwa dirishani njia yote, masikio yakipeperuka, Whitney akiandika kila alichokiona. Tukapiga hema karibu na kijito. Netiweki hakuna. Jirani hakuna. Nyasi na mbingu tu.

Niliogopa, siwafichi. Nilimwambia Whitney hema ni dogo, Biskuti atalala nje amefungwa kamba kwenye gari. Akamfunika sweta yake, akaingia kulala na uso umenuna. Elphas naye alikuwa amechoka na usukani. Nikabaki nje na sufuria chafu, jua likizama, nikamwangalia yule mbwa. Nikajiuliza, mlinzi tunaye, mbona tumemfunga? Nani anafunga mlinzi giza likiingia?

Nikamtoa kamba. Nikamtoa na mkanda wa shingoni, maana kule Nyamira baba yangu alikuwa akiutoa ili mbwa asinaswe kwenye ua. Nikautia mfukoni mwa jaketi. Biskuti akaninusa mkono, akaenda zake vichakani upande wa kijito, mkia juu. Nikaingia nikalala vizuri. Hiyo ndiyo inayoniuma hadi leo, kwamba nililala vizuri.

Asubuhi Whitney akawa wa kwanza kutoka.

"Mum, Biskuti yuko wapi?"

"Si amefungwa hapo?"

Elphas akaokota kamba, akaivuta mikononi. "Haijakatika."

"Basi amechomoa kichwa," nikasema. Nilisema hivyo nikimimina chai.

"Na ameenda wapi sasa?" Whitney akauliza.

"Labda barabarani."

Nilijua si barabarani. Nilimwona kwa macho yangu akielekea kijitoni. Lakini nikisema nilimwona, wataniuliza ulimwona saa ngapi, na nani alimfungua. Kwa hivyo tukafuata barabara. Tulitembea na kuita mpaka saa sita mchana, Whitney akiita mpaka sauti ikawa kama ya mzee. Kila nikitaka kusema ukweli, namtazama, namwambia Mungu nisaidie mbwa atokee kabla sijasema.

Tuliporudi kwenye hema kunywa maji, Elphas akakumbuka kitu. "Whitney, kile kidude cha mkanda wake. Tukiwa karibu naye simu itakiita, si ndiyo? Hata bila netiweki."

Mimi nilidhani kile kidude ni pambo.

Akawasha simu. Akaitazama, uso ukafunguka. "Yuko hapa. Inasema yuko hapa hapa karibu."

Whitney akalizunguka hema mbio, akaingia chini ya gari kwa tumbo, akicheka na kulia pamoja. "Biskuti! Biskuti!" Elphas akabonyeza simu. Kidude kikalia, ti-ti-ti, ndani ya jaketi langu.

Nikautoa mkanda.

"Mama Whitney," Elphas akasema polepole, "tangu asubuhi?"

"Nilimfungua atulinde."

Whitney akauchukua mkanda mkononi mwangu. Hakulia tena. "Alienda upande gani kweli?"

Nikaonyesha kijito.

Tukapekua vile vichaka mchana wote. Tukaita, tukapiga honi, kimya. Wingu likaanza kujaa upande wa Kanada. Elphas akasema kesho alfajiri lazima tuondoke, kazi haimsubiri, na Whitney akasema yeye haondoki, mwende nyinyi. Nilijua anamaanisha. Nikamwona mtoto wangu akibaki kule, peke yake kwenye zile nyasi, kwa sababu yangu.

Nikarudi nikachukua sufuria na mwiko. Nikaingia mtoni na viatu, nikaanza kukwangua. Kwaru kwaru. Nanyamaza, nasikiliza. Kwaru kwaru.

"Sasa unafanya nini?" Elphas akaniita kutoka ng'ambo.

"Nyamaza kidogo, Baba Whitney."

Nilifuata maji sijui umbali gani. Viganja vikatoka malengelenge. Sufuria haikuwa na kitu, nilikuwa nakwangua chuma. Halafu nikasikia sauti ndogo, kama mlango usiotiwa mafuta. Nikakwangua tena. Ikajibu.

Alikuwa amenaswa kwenye waya, mtego ambao mtu alitegea koyote, wale mbwamwitu wadogo wa huko. Mguu wa nyuma. Alikuwa ameutafuna waya mpaka mdomo ukawa damu. Aliponiona na sufuria akatikisa mkia. Akanyoosha shingo kuangalia ndani kama kuna ukoko.

Daktari wa mifugo alikuwa mbali, saa mbili kwa gari. Whitney alimshika Biskuti mapajani njia yote, mimi nikakaa mbele nimeshika sufuria, sijui kwa nini sikuiacha. Walimkata mguu jioni ile. Elphas akamuuliza daktari, je, tungemleta asubuhi? Daktari akasema asubuhi huenda damu ilikuwa bado inapita. Elphas alinitafsiria, ingawa nilikuwa nimesikia.

Sasa nawaambieni. Kule kaskazini hakuna boma, hakuna ua, mbwa akifunguliwa hana cha kuzunguka, anaenda tu. Mkanda ukae shingoni. Mbwa alale ndani na nyinyi, hata kama nyumbani kwenu haijawahi kufanyika. Na kama umekosea, sema kabla hujamimina chai. Mimi niliona aibu nusu siku, na nusu siku ndiyo iliyochukua ule mguu.

Biskuti anaruka kwa miguu mitatu. Ngazi hawezi, kwa hivyo siku hizi nakwangulia sufuria ndani, kwenye korido, karibu na chumba cha Whitney. Mlango unafunguka kidogo. Mkono wa Whitney unatoka, unachukua ukoko, unaurudisha ndani ampe mwenyewe. Halafu anafunga. Jana niliuliza, "Amekula?" Akanijibu, "Amekula." Nikasimama pale na mwiko, nikingoja kama ataongeza neno.