Chafya ya Tahiri

Kosa lilikuwa langu. Nilimpigia simu wifi yangu Zuleha, yuko Tongoni, nikamwambia: "Kichwa kimeharibika. Hakitoi sauti, kinakwaruza tu. Nitafutie mtu."

Nilimaanisha kichwa cha santuri, kile kidude cha duara kinachoshika sindano na kutoa sauti. Lakini nilikuwa wiki ya saba ya eda ya kaka yake Tahiri, na mjane akisema kichwa kimeharibika, nani ataikumbuka santuri?

Asubuhi yake Zuleha akafika kwangu Makorora na Shekhe Rahimu, na sahani nyeupe iliyoandikwa aya kwa zafarani, ioshwe kwa marashi ninywe. Shekhe akaketi ukumbini, mimi chumbani, pazia katikati kama eda inavyotaka.

"Mwanasiti, mwanangu, kilianza lini?"

"Ijumaa, Shekhe, baada ya alasiri. Nilikitia sindano mpya, kikakoroma, kikanyamaza."

Kisha nikamsikia Zuleha: "Umesikia, Shekhe? Anajitia sindano!"

Kabla sijajieleza, hodi ikabishwa. Alikuwa Castory, fundi redio wa Usagara. Naye nilimtumia ujumbe, maana Zuleha alikata simu upesi mno.

"Shikamoo, Shekhe. Kichwa chenyewe kiko wapi?"

"Kiko ndani," akasema Zuleha kwa huzuni. "Yuko eda, hatoki."

"Si lazima atoke. Akichomoe tu anipitishie. Ni skrubu tatu. Kiwambo kitakuwa kimepasuka, nitamtilia kingine."

Zuleha akapiga yowe. Mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu mazishi, na kicheko kile nadhani kiliwathibitishia. Nikakichomoa kichwa kwenye mkono wa santuri, nikakipitisha chini ya pazia. Shekhe akakiokota, akakipapasa.

"Kumbe kina baridi," akasema.

Sababu ya haraka yangu ni hii. Mwaka 1958 mama mkwe wangu, marehemu Mwanamkasi, alirekodiwa akiimba kwenye sahani ya santuri. Tahiri alikuwa na miaka minne, amelala mapajani mwake, na katika ubeti wa tatu akapiga chafya. Watu wa mashine hawakuifuta. Kila Ijumaa, miaka thelathini na saba ya ndoa yetu, Tahiri aliipiga sahani ile, akangoja chafya yake, akasema "Alhamdulillah." Nami humjibu "Yarhamukallah," Mungu akurehemu. Picha zake ninazo. Sauti hakuacha nyingine, simu alizichukia. Na mimi sauti yake ilikuwa imeanza kunipotea.

Kazi niliifuata kwa masikio. Castory akavunja pasi kuukuu ya umeme, akatoa kipande cha madini ya ulanga, chembamba kama gamba la samaki. Akakikata duara kwa wembe, kiwe kiwambo kipya cha kutikisika na kutoa sauti. Pembeni akazungushia mpira laini wa baiskeli, ule wa zamani umekauka kama mfupa.

"Shika hapa, Shekhe. Usipumue, kitapeperuka."

Shekhe hakupumua. Castory akadondosha tone la nta katikati, polepole mno, mpaka Zuleha akalia, "Castory, utatuulia Shekhe!"

"Tayari. Sasa leteni sahani, tujaribu."

Zuleha akampa sahani ya zafarani.

"Hii ni ya kunywa, mama."

Basi kichwa kikarudi kwangu chini ya pazia. Nikakipachika, nikazungusha mkono wa chuma kukaza springi, nikashusha sindano. Mama mkwe akaimba. Ubeti wa kwanza, wa pili. Katika wa tatu: *chyaa!*

Sindano ikanasa. *Chyaa! Chyaa!*

Nikafungua mdomo kumjibu, Shekhe akasema nyuma ya pazia, "Hajibiwi. Mwenye chafya hajasema Alhamdulillah."

"Ana miaka minne!" akafoka Zuleha.

"Isitoshe zimezidi tatu. Zikizidi tatu ni mafua."

*Chyaa!*

"Shekhe," nikasema, "alisema. Kila Ijumaa alisema, kwa chafya hii hii. Mimi ndiye niliyesikia."

Humu ndani Tahiri akaendelea kupiga chafya, ya saba, ya nane, mtoto mzima wa afya.

"Una shahidi?" Shekhe akauliza, lakini taratibu.

"Mimi," akasema Zuleha. "Nilikuwa nakuja Ijumaa kula wali wao. Nilisikia."

"Basi ajibiwe."

Tukamjibu sote, Yarhamukallah. Castory akachelewa kidogo, akasema kwa namna yake, "Mungu akurehemu, mzee."

Kisha akauliza kama aje kuinua sindano. Nikamwambia aiache kwanza, springi itaisha yenyewe.