Pongezi kwa Mkali

Mkali alipoondoka kwenda kufungua kampuni yake ya matangazo, habari hizo nilizipata jikoni mwa ofisi nikisubiri maji yachemke. Mhasibu aliingia na kikombe chake, akaniangalia kama anayemwangalia mfiwa, akasema, "Pole, dada. Au niseme hongera? Si mnaondoka wote?"

"Wote na nani?"

Akajua ameharibu. Akageuka na kikombe chake kitupu, akatoka bila hata kugusa chai.

Niseme mapema kwamba nilichokuwa nacho ni hasira, asije mtu akaniambia ni wivu. Mimi ni mwandishi wa matangazo. Mkali ni mchoraji. Jina hilo alijipa mwenyewe, akalirudia mpaka watu wakachoka kubisha. Katika kazi yetu mwandishi na mchoraji hukaa meza moja, huyu analeta maneno, yule analeta picha, na tangazo likitoka ni la wote wawili. Ndivyo inavyotakiwa. Mezani kwetu maneno yalikuwa yangu yote, na picha nyingi pia zilianzia kichwani mwangu. Yeye alikuwa na kipaji kimoja ambacho siwezi kumnyima: alijua kusimama. Alisimama mbele ya mteja, mkono mmoja mfukoni, akatamka maneno yangu kana kwamba yamemjia sasa hivi alipokuwa akipanda ngazi. Mimi nikisimama mbele za watu viganja vinalowa na sauti inakauka. Basi tukagawana, mimi niandike, yeye aseme. Akikwama katikati alinitupia jicho, nami nilikuwa nimekaa kando yake, nikamnong'oneza neno, akaendelea. Wateja walidhani mimi ni katibu wake.

Kampuni tuliipanga pamoja kwa miaka, pale nyuma ya mashine ya fotokopi ambako hakuna aliyekuwa akitusikia. "Tutatoka wote," alikuwa akiniambia. "Mlango mmoja, siku moja."

Ametoka peke yake, na kampuni ameiita Kola.

Hapo ndipo damu iliponichemka. Lile tangazo la sabuni kila mtu analijua. Mtoto anarudi nyumbani jioni, mama amesimama mlangoni, hagombi, hapigi kelele, anasema tu, "Onyesha kola." Mtoto anageuza shingo, kola ya shati inang'aa, mama anampisha apite. Kwisha. Walimu walilisema madarasani, wachumba wakataniana nalo, na Mkali akapewa tuzo anazozipanga kabatini kwake kama vyombo vya wageni. Yule mama wa mlangoni ni mama yangu mimi. Alitulea kwa kufua nguo za watu, na hakuna siku tuliyovuka kizingiti chake bila kugeuza shingo. Shati kuchanika alisamehe. Kola chafu hakusamehe. Maneno yale niliyatoa nyumbani kwetu, nikayapeleka kazini kwa mikono yangu, na leo yamebandikwa juu ya mlango wa mtu mwingine.

Sijamaliza hata chai, bosi akaniita.

"Binti, kaa. Lile gazeti letu la wenye matangazo linatoa ukurasa mzima kuhusu Mkali. Wakubwa wote wa kazi hii wanaulizwa wamelipokeaje jambo hili. Niandikie yangu. Iwe ya kiungwana. Nimefurahi, namtakia heri, mlango wetu uko wazi."

"Umefurahi, bosi?"

"Nifurahi nina wazimu? Kaniachia kazi tatu njiani! Ningemtakia upele." Akapiga meza, kalamu zikaruka. "Lakini wewe andika nimefurahi."

Watu wa nje hawalijui hili. Katika kazi ya matangazo hakuna mkubwa anayejiandikia. Tunauza maneno kutwa, lakini neno lake mwenyewe mtu analiagiza kama anavyoagiza chakula. Kabla ya saa sita mwenyekiti wa chama chetu alinipigia, akataka na yeye aandikiwe, maana mimi ndiye ninayemfahamu "kijana wetu". Nilikuja kusikia kuwa juzi tu mwenyekiti huyu alikuwa amewaambia watu kwamba Mkali hamalizi mwaka, atarudi akiomba kazi ya kupaka rangi kuta. Kwenye gazeti alitaka neno "nyota" lisikosekane. Baada yake akapiga mkurugenzi wa kampuni inayoshindana na yetu, mtu anayemchukia Mkali waziwazi, naye akataka pongezi zenye uzito. Nikawaandikia wote. Furaha ya bosi, nyota ya mwenyekiti, uzito wa mkurugenzi, zote zilitoka kwenye meza moja, kwa mtu mmoja aliyekuwa akisaga meno.

Ni Mama Sabuni peke yake, mwenye kiwanda cha ile sabuni ya tangazo, ambaye hakuniomba kitu. Nilisikia baadaye kwamba alimjibu mhariri mwenyewe, kwa maneno mawili: "Nasubiri kuona."

Halafu akapiga Mkali.

"Mwenzangu, umenuna?"

"Ulisema tutatoka wote."

"Mambo yalienda mbio. Ngoja kwanza nisimame. Mwanzoni nataka watu wanione mimi kama mimi, unanielewa? Baadaye nitakuvuta."

Anivute, kama mkokoteni! Nilitaka kukata simu, ila alikuwa hajamaliza.

"Sasa kuna kitu kidogo. Gazeti wanataka shukrani zangu, za kufungia ukurasa. Niandikie basi. Wewe ndiye unayejua ninavyoongea."

Nikavuta karatasi na kalamu.

"Nitakuandikia," nikasema.

Jioni nilimkuta mama akipiga pasi. Miguu siku hizi haimpi nafasi ya kusimama, anapiga pasi amekaa, lakini hakuna wa kumwambia aache. Nikamweleza yote, nikizunguka chumba kama kuku aliyekosa pa kutagia.

"Kampuni ameiita nini?"

"Kola."

Akaisimamisha pasi. "Kola ipi?"

"Yako, mama."

"Alikuja kufua hapa lini?"

Nikaacha kuzunguka.

"Na wewe ukamwambiaje?"

"Nimemwambia nitamwandikia shukrani zake."

Mama akanitazama mpaka nikainamisha macho. Sikuwa nimemwona na hasira namna ile tangu siku kaka yangu alipouza sare zake za shule. "Mwandikie," akasema. "Lakini hizo shukrani zimfikie anayestahili kushukuriwa."

Nikakaa nikaandika. Aya mbili za kwanza nilizijaza majivuno yake ya kila siku, ndoto, safari, usiku bila usingizi, maana huko ndiko macho yake huishia. Mkali hakuwahi kusoma nilichoandika mpaka mwisho. Alisoma juu juu, akasema "safi", akatuma. Aya ya tatu ndiyo niliyoiandika kwa moyo:

"Maneno mliyonisifia hayakuwa yangu. Yaliandikwa na mwenzangu wa meza moja. Ile 'Onyesha kola' ni ya mama yake mzazi, mfuaji wa nguo za watu, aliyewakagua wanawe mlangoni kila jioni. Nilimwahidi mwenzangu kwamba tutatoka wote, nikatoka peke yangu. Kwa hilo namwomba radhi."

Nikamtumia. Sikuwa nimeweka hata simu mezani, jibu likaingia. "Safi sana! Nimeshatuma."

Gazeti lilipotoka nilienda kazini mapema. Nilitaka niwe nimekaa kitini aibu yake ikianza kuzunguka korido, nisikose hata kipande. Nilikuwa na kiu nayo.

Bosi akatoka chumbani akipunga gazeti. "Huyu ndiye mwanamume!" akapiga kelele. "Mnaona? Kakiri mbele ya kazi nzima! Nani kati yenu anaweza?" Huyu wa upele. Mwenyekiti akawapigia watu mmoja mmoja kuwasomea ile aya ya tatu, na nilivyosikia sauti ilimtetemeka. Mkurugenzi mshindani akasema hajawahi kuona unyenyekevu wa namna ile katika kazi yetu. Mhasibu alinijia macho yamelowa.

"Dada, amekuheshimu sana."

Amekuheshimu! Nilijiheshimu mwenyewe, kwa vidole vyangu hivi, na heshima ikapita mbele yangu ikaenda kwake. Nilienda chooni nikafunga mlango, nikapiga ukuta teke mpaka kidole cha mguu kikavimba. Kumchafua nilishindwa. Nilikuwa nimemtengenezea tangazo zuri kuliko yote niliyowahi kuandika, na yeye ndiye bidhaa.

Mchana akapiga, sauti imejaa jua.

"Umeniandikia dhahabu! Simu hazipumziki. Nasikia na wewe umejichomeka mle ndani. Sawa tu, sina kinyongo."

"Hujasoma?"

"Nisome cha nini? Si nimekiandika mimi?" Akacheka, akacheka tena. "Sikiliza. Mama Sabuni anataka kutuona kesho, wote wawili. Akinipa sabuni yake, Kola imesimama. Njoo, ila kaa tu, usiseme kitu. Sitaki aone kama sina maneno yangu mwenyewe."

Mtu mwenye akili angekataa. Mimi nilikubali, kwa sababu nilitaka kumwona akisimama.

Asubuhi mama alinizuia mlangoni, mtu mzima mimi, akanigeuza shingo kwa vidole vyake vilivyochubuliwa na sabuni za miaka yote ile. Alinipisha nikapita.

Ofisi ya Mama Sabuni iko juu ya chumba cha kufungashia. Sakafu ilikuwa ikitetemeka kidogo kwa mashine za chini, na harufu ya sabuni ilikuwa kali hadi inawasha pua. Mwenyewe ni mama mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Mbele yake lilikuwepo lile gazeti, limekunjwa kwenye ukurasa wetu.

Mkali hakukaa. Aliweka mkono mfukoni, akaanza kutabasamu.

"Kabla hujaanza, baba," Mama Sabuni akamkatiza, "nina swali moja. Wewe na mimi tumeuza sabuni nyingi sana kwa lile neno la kola. Ulilipataje?"

Hili swali Mkali alilipenda. Alishalijibu kwenye kila sherehe ya tuzo, nami nilishawahi kumwandikia jibu zuri kuhusu mtaa na watoto wa shule. Lakini kumbe tangu kampuni iitwe Kola alikuwa amejitungia la kwake. Akashusha sauti, akashika kola ya shati lake.

"Ni mama yangu mzazi, mama. Kila jioni, nikirudi kutoka shule, alikuwa akinisimamisha mlangoni..."

Nilibana mikono kati ya magoti isije ikaenda yenyewe shingoni kwake. Amechukua maneno, amechukua jina, sasa anamchukua na mama!

Mama Sabuni alimsikiliza mpaka mwisho, taratibu, bila kumkatiza tena. Kisha akavaa miwani.

"Mama yako."

"Mama yangu mwenyewe."

"Basi nisomee hapa." Akamsukumia gazeti. "Aya ya tatu. Kwa sauti."

Mkali akalichukua huku bado anatabasamu. "Maneno mliyonisifia," akaanza, kwa ile sauti yake tamu, "hayakuwa yangu..." Nikamwona akisoma kimya, midomo ikicheza, mpaka mwisho. Miaka yote ile nilikuwa sijamwona akisoma mpaka mwisho. Mkono ukatoka mfukoni.

"Sasa nisaidie," Mama Sabuni akasema. "Haya ni maneno yako? Kama ni yako, umenidanganya sasa hivi hapa mbele yangu. Na kama si yako, ni nani ninayetaka kumpa kazi?"

Chini mashine ziliendelea kugonga. Mkali akakunja gazeti, akalirudisha mezani. Ndipo akanitupia lile jicho. Nalijua jicho hilo kuliko ninavyoujua uso wake. Mara ngapi nimelijibu kwa mnong'ono kabla mteja hajagundua. Neno la kumtoa pale nilikuwa nalo. Nilikuwa na maneno matatu mazuri, lolote kati yake lingemvusha.

Nikatazama mbele.

Mama Sabuni akanigeukia. "Na wewe, binti, mbona umekaa kimya hivyo? Huna la kusema?"

"Ninalo, mama," nikasema, na kwa mara ya kwanza mbele ya mteja sauti haikunikauka. "Lakini nimeambiwa nisiseme kitu."

"Umeambiwa na nani?"

Mkali bado alikuwa ananiangalia, anasubiri nimpe neno. Nikamwachia hilo swali ajibu mwenyewe.