Kapteni Bichi wa Silibwet

Huko Silibwet kuna mwimbaji anaitwa Kipkirui, lakini ukiuliza Kipkirui hakuna mtu atakuonyesha. Uliza Kapteni Bichi. Huyo anaimba mambo ya bichi tu: mchanga, minazi, jua ya kuchoma mgongo. Anapanda steji na kaptura na shati ya maua, na hii baridi yetu mnaijua. Magoti inatetemeka mpaka watu wakadhani ni staili. Saa hii vijana wote wa Bomet wanatetemesha magoti.

Na bahari yenyewe hajawahi kuiona. Aliiona kwa kalenda, kwa kinyozi ya Muchiri.

Basi akapenda Chepngetich wa Kaplong, kupenda ile ya kusahau kukama. Akaenda kumwomba kwa baba yake, Mzee Kiptanui, ambaye alikuwa askari wa geti Mombasa miaka mingi. Wazee wamekaa, mursik, ile maziwa ya kugandisha kwa kibuyu, imemiminwa. Siku hiyo Kapteni amevaa suruali ndefu, lakini magoti, wapi! Inatetemeka tu.

"Kijana," mzee akasema, "mimi siwezi kupatia mwongo msichana wangu. Hiyo bahari unaimba, umefika?"

"Nimefika sana, baba."

"Sawa. Ng'ombe za huko zinakunywa maji wapi?"

"Si hapo hapo baharini, baba! Asubuhi zinaingia mpaka magoti, zinakunywa, halafu zinalala kwa mchanga."

Wazee wakacheka mpaka mmoja mursik ikamtokea kwa pua.

"Wewe!" Mzee Kiptanui akasema. "Maji ya bahari ni chumvi! Hata mtoto wa nasari anajua!"

Chepngetich, mlangoni, akajifunika uso na leso. Kapteni akaona harusi ndiyo hiyo inaenda.

"Nisamehe, baba. Sijafika." Akakunja uso. "Lakini baba... chumvi yote hiyo? Ya bure? Na hakuna mtu amepeleka ng'ombe kulamba?"

Kicheko ikakatika. Wazee wakaangaliana. Mpaka jioni wakabishana kama ng'ombe zitaenda na lori ama na treni.

"Miaka yote nimelinda hiyo geti," Mzee Kiptanui akasema polepole, "na hiyo sijawahi kufikiria. Ng'ombe ikilamba chumvi inatoa maziwa mingi; kwa huyu, msichana wangu hatakosa maziwa. Mchukue! Lakini mkienda fungate Mombasa, niletee mtungi moja ya bahari. Na kwa wimbo, ng'ombe yangu Chelel aimbwe kabla ya Chepngetich."

"Kabla yangu, baba?" Chepngetich akauliza kutoka mlangoni.

"Kwani wewe unalamba chumvi?"