Moshi wa Tembe ya Marsela

Vumbi liliangukia sufuria yangu ya ugali, nikajua kuna mtu juu ya nyumba. Nikatoka na mwiko mkononi. Tembe yangu, kama zote za zamani huku juu ya Karatu, imechimbwa ndani ya mteremko, na paa lake ni udongo ulioota majani. Asiyejua huona kilima tu. Na asiyejua siku hiyo alikuwa mzungu mzee, kasimamisha ubao wake wa kuchorea juu ya kichwa changu.

"Wewe mzee, shuka! Unakanyaga nyumba ya watu!"

Akatazama huku na huku. "Nyumba ipi, mama?"

Lo! Hasira ilinipanda mpaka machozi yakanitoka. Ilikuwa mwaka wa sabini na tano, tumeamriwa na serikali kuhamia nyumba za mstari kule barabarani. Majirani walihama, mimi nikakataa. Nilizaliwa humu, na mume wangu nimemzika hapo nyuma. Sasa huyu ananiambia picha yake itatundikwa kwenye hoteli ya watalii ukingoni mwa Ngorongoro, wanakokula wakubwa. Wakiona mteremko mtupu, si watasema hapa haishi mtu?

"Ichore nyumba yangu," nikamwambia.

"Mama, mimi nachora kinachoonekana."

"Haya, subiri uone!"

Nikaingia, nikatia kuni mbichi motoni. Moshi ukatokea kwenye tundu la paa, miguuni pake. Akacheka mpaka akakaa chini.

Jina lake Diethelm, Mjerumani wa mji wa bandari huko kwao, tangu ujana akichora bahari na meli. Akanieleza kwamba meli ikiwa mbali sana huioni, unaona moshi wake tu, na hapo unajua kuna watu. Nyumba ya wazazi wake iliungua vitani, na picha zake zote ndani. Alipomaliza kunisimulia alichovya brashi, akachora moshi wangu ukipanda kutoka kwenye majani.

Wiki iliyofuata alirudi na Wilibrodi, meneja wa hoteli. Walisimama palepale juu ya paa, nami nikawasikia kutoka jikoni.

"Huo moshi uufute," alisema Wilibrodi. "Wageni watadhani msitu unaungua. Na hapa hakuna mtu, si unaona mwenyewe?"

"Nimechora meli maisha yangu yote," Diethelm akajibu, "na sijazamisha hata moja ili kumfurahisha mnunuzi. Kama hutaki, acha. Picha naondoka nayo."

"Haya, nionyeshe hiyo nyumba iko wapi!"

Eti iko wapi! Nikasukuma kuni mbichi zote motoni kwa mkupuo. Moshi ukamwingia Wilibrodi kwenye suruali, nikamsikia akiruka huku akikohoa.

"Umeikanyaga, ndugu meneja!" nikapaza sauti. "Toka kichwani kwangu, uje mlangoni kama watu wengine, upige hodi!"

Nikasikia viatu vikizunguka kushuka.

"Hodi," akasema kwa sauti ndogo.

Nilikaa kwenye kigoda changu nikigeuza ugali.

"Hodi, mama."

"Sema kwa nguvu, akusikie na huyo uliyemwambia hapa hakuna mtu!"

"Hodi wenyewe!" akapiga kelele, bonde zima likasikia.

"Karibu," nikamjibu. "Inama, mlango wangu mfupi."